Sukari ya Kumbikumbi

Niseme mapema nisije nikaonekana mwema: kosa lilikuwa langu. Wenzangu wa maabara walitafuta kisingizio kwingine, kwenye rangi, kwenye taa ya hadubini, kwenye barafu iliyoyeyuka njiani kutoka Busia, na najua walifanya hivyo kwa kunipenda. Lakini aliyenunua kumbikumbi ni mimi. Aliyewatia kwenye kiganja cha mama yangu ni mimi. Na aliyefungua mdomo kabla ya wakati wake ni mimi vilevile.

Mwaka ule nilikuwa na mtoto mchanga na mama mgonjwa, na kati yao kulikuwa na hatua kumi. Mama aligunduliwa kuwa na kifua kikuu wiki mbili kabla sijajifungua. Yeye alikuwa kwake Lunyo, mimi nilikuwa Tororo mjini kwa mume wangu. Binti yangu alipotimiza wiki sita nilimpeleka nyumbani ili nyanya yake amwone. Mama akatoka nje, akachora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu, akasema, "Wewe simama huko huko. Inua yeye juu nione."

Nikamwinua.

"Geuza."

Nikamgeuza.

"Pua ni ya watu ya baba yake," akasema, "lakini hiyo kichwa ni yetu." Kisha kikohozi kikamshika, akajifunika uso kwa leso, akaingia ndani bila kuaga. Nililia njia nzima mpaka Busia, na mtu wa bodaboda akadhani nimefiwa.

Huyo alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Mimi ni mtoto wake wa pekee, niliyekuja baada ya mimba tatu kuharibika, na mimi mwenyewe nilikaa kwenye ndoa miaka minane kabla ya kushika mimba. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba miezi michache si kitu. Nilipompigia simu, mama hakuwa na habari ya vidonge wala ya homa. Alikuwa na neno moja tu: "Lini?"

Sasa kazi yangu. Mimi ni mtu wa maabara, na riziki yangu ni makohozi. Mawifi zangu huniambia ninawe mikono mara mbili kabla sijagusa sinia, wakidhani wanatania. Kwa njia ya zamani, unapaka kohozi kwenye kioo, unalitia rangi, na bakteria wa kifua kikuu wanaonekana vijiti vyekundu. Ubaya wake ni mmoja: aliyekufa na aliye hai wote ni vijiti vyekundu. Mgonjwa anameza dawa miezi miwili, mitatu, bado unaviona, na hujui unatazama maiti au unatazama adui. Ukitaka kujua kwa hakika, inabidi uwaoteshe kwenye chupa ungoje wiki kadhaa, kwa sababu bakteria hawa ni wavivu kuzaana.

Mama alikuwa hapo hapo. Miezi mitatu ya dawa, na vijiti bado vipo. Mashine ya haraka ilisema dawa yake kuu inafanya kazi. Makohozi yake yalikuwa yamepelekwa kuoteshwa, na jibu lilikuwa halijarudi.

Ndipo mradi ukaja. Nilikuwa ndio kwanza nimerudi kazini kutoka likizo ya uzazi. Daktari aliyeuongoza alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, aliyesomea sukari maisha yake yote. Siku ya kwanza alituweka mezani, mimi na mwenzangu, mtu mzima aliyevuka Malaba kila asubuhi kutoka upande wa Kenya, akatuonyesha kichupa chenye unga kidogo sana wa rangi ya manjano.

"Hii ni sukari," akasema, "ila si ya chai."

Alieleza vizuri mpaka leo namkumbuka. Bakteria wa kifua kikuu hujishonea koti la mafuta, na kwenye ushonaji huo hutumia sukari fulani ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi. Wanasayansi wameichukua sukari hiyo, wakabadilisha kona moja ya molekuli yake, wakabandika rangi. Bakteria aliye hai hajui tofauti. Anaichukua, anaishona kwenye koti lake, na ile rangi ikishaingia kwenye mafuta inawaka. Aliyekufa hashoni kitu, basi hawaki. Unapata jibu siku hiyo hiyo. Akasema kuna wengine wanaobandika kitu kikali badala ya rangi, ili bakteria akishakishona koti lifumuke lote. Hizo ndizo dawa zinazotafutwa.

"Kwa hivyo tunamtega na utamu," mwenzangu akasema.

"Tunamtega kwa ulafi wake," daktari akajibu.

Nikauliza, kama sisi hatuitengenezi, basi sukari hii inapatikana wapi? Akasema kwenye uyoga, kwenye hamira, kwenye damu ya wadudu. Nina mwandiko mzuri, nilisifiwa tangu shule ya msingi. Niliandika: uyoga, hamira, damu ya wadudu. Nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikafunga daftari.

Kisha akatupa sheria. Haya ni majaribio. Majibu ya sukari hayaendi kwa mgonjwa, wala hayabadilishi matibabu ya mtu, mpaka yalinganishwe na yale ya chupa. Yasitoke nje ya chumba hiki. Tukatia sahihi sote, na mimi nilikuwa wa kwanza kuchukua kalamu.

Jumanne na Alhamisi nilikuwa nakwenda Busia na sanduku la barafu, kwenye kliniki karibu na mpaka, kukusanya makohozi. Alhamisi moja zamu ya mama ikafika. Nilimkuta kwenye benchi la nje, amekonda, mifupa ya shingo inahesabika, barakoa imemzidi uso.

"Umekula?"

"Hiyo dawa inakula tumbo. Chakula inanuka."

Siku ngapi? Hakumbuki. Nikahisi hasira ya kutojua pa kuipeleka.

Wiki ile mvua ilikuwa imefunguka, na kumbikumbi walikuwa wametoka kila mahali, Bulumbi, Kiyeyi, mpaka kwenye nyufa za sakafu za watu. Na lazima nieleze jambo moja kuhusu mama yangu. Miaka ishirini alifanya biashara ya kumbikumbi. Aliwanunua vijijini upande wetu, akawavusha kwa beseni, akawauzia Wakenya waliomwita mama kumbikumbi na hawakumjua kwa jina lingine. Kwenye biashara hiyo hununui kabla hujaonja. Unatia vidole kwenye beseni, unachukua chini kabisa, si juu, unatafuna taratibu, ndipo unajua kama wana mchanga, kama wamelala, kama wamechomwa na mtu aliyekuwa na haraka. Mama aliweza kukuambia walikotoka. Tangu augue alikuwa hajagusa beseni.

Basi mwanamke mmoja akapita mbele ya kliniki na beseni kichwani. Nikamwona mama akinyoosha shingo.

"Hizo amechoma vibaya," akasema.

Jamani, nilifurahi! Ni mara ya kwanza katika wiki nyingi kumsikia mama yangu ana maoni kuhusu chakula. Nikamwita yule mwanamke, nikanunua karatasi iliyokunjwa pembe, nikamimina kwenye kiganja cha mama. Akashusha barakoa, akatafuna, akafumba macho. "Mchanga kidogo. Lakini ni ya Kiyeyi, hiyo." Akaomba tena. Kisha, kwa kuwa biashara ikikuingia haitoki, akawageukia watu wa foleni: "Nunueni nyinyi, hii ni nzuri kuliko kidonge!" Foleni nzima ikanunua. Mpaka yule mwanamke anaondoka, benchi zima lilikuwa linatafuna.

Sheria ya kukusanya makohozi inasema mgonjwa asukutue kinywa kwanza. Naijua, mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Lakini foleni ilikuwa ndefu, barafu inayeyuka, na mama yangu alikuwa amekula. Nikaona leo mambo ni mazuri. Nikairuka sheria, nikawaita mmoja mmoja nyuma ya jengo kwenye hewa, wakakohoa kwenye vikopo, nikafunga sanduku.

Jioni ile ile Tororo nilikiweka kioo cha mama chini ya hadubini, nikawasha taa ya buluu. Giza. Nikasogeza kioo. Giza. Nikakipekua kioo kizima kwa macho yangu mawili, hakuna hata nukta moja iliyowaka. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini na vioo vya wenzake wote wa foleni vilikuwa giza. Mwenzangu ndiye aliyeuliza.

"Sista, watu wa Busia wote wamepona siku moja? Hii ni muujiza ama ni makosa?"

"Wewe huwa huamini chochote," nikamwambia, na nikamwambia vibaya, kwa sauti ya juu.

Ijumaa asubuhi niliingia kwenye choo cha wafanyakazi na simu. Nilijua ninachofanya. Nilijua sahihi yangu iko kwenye karatasi gani na karatasi iko kwenye faili gani.

"Mama," nikasema, "wamekufa."

Vigelegele, virefu, vikageuka kikohozi, vikarudi kuwa vigelegele.

"Jumapili nakuja kushika mtoto yangu."

"Njoo, mama," nikasema.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kuharibu makohozi yaliyobaki. Vikopo huvitoi hivi hivi, vinaingia kwenye mtungi wa mvuke kwanza. Nikawa navipanga ndani ya kabati la usalama, glavu mikononi, moyo mwepesi, nawaza nitapika nini kesho. Kwenye kopo moja nikaona kitu chembamba kinang'aa kimeganda kwenye ukingo. Nikakisogeza karibu na kioo. Bawa. Bawa la kumbikumbi, zima, na mishipa yake.

Nikacheka. Nikasema peke yangu, hawa watu wa Busia bwana, hata kwenye kikopo! Nikaendelea na kopo la pili. La tatu. Halafu mikono ikasimama yenyewe.

Damu ya wadudu.

Nilivua glavu, nikanawa, nikaenda kwenye daftari, ingawa sikuhitaji. Mstari wa rula ulikuwa pale pale. Bakteria analishwa sukari yetu ya rangi kwa kipimo kidogo sana, chembe tu. Sasa mtu ametafuna kiganja kizima cha kumbikumbi, kinywa kimejaa sukari ile ile, ya asili, isiyo na rangi. Akakohoa, vikachanganyika. Bakteria wamefunguliwa ghala. Wataishona ipi? Ile iliyo tele. Wanajishonea makoti yao vizuri kabisa, wazima wa afya, na mimi natazama giza nasema wamekufa.

Nikakaa sakafuni. Kesho yake mama yangu alikuwa amshike binti yangu kifuani, ambusu, amlaze shingoni apumue pumzi yake. Nisingeweza kusema labda. Kwenye jambo hili labda ni sawa na ndiyo. Nilisimama, nikamaliza vikopo vyote kama inavyotakiwa, nikatafuta bodaboda ya kwenda Lunyo.

Nilimkuta anapiga pasi gomesi. Pasi ya makaa, gomesi ya buluu aliyovaa siku ya harusi yangu. Karibu na mlango jogoo alikuwa amefungwa miguu, wa kuniletea mimi mzazi. Nilisimama kwenye hatua kumi, na mama akajua kabla sijasema, kwa sababu hakuniuliza mbona umekuja.

"Mama, usije kesho."

Akaweka pasi chini.

"Nilikosea. Wale kumbikumbi nilikupa wameharibu kipimo. Sijui kama wamekufa. Pengine wako hai."

"Jana wamekufa," akasema polepole. "Leo wamefufuka?"

"Mama..."

"Ngoja. Mimi nimekula kumbikumbi tangu sina meno. Nyanya yangu alikula. Wewe umenyonya yeye kwa ziwa yangu. Leo kumbikumbi imekuwa uchawi ya kuficha ugonjwa?"

"Si uchawi. Ni sukari yao."

"Sukari!" Akacheka, cheko la kuumiza. "Wewe unajua nimewaambia watu? Nimewaambia kanisani, kwa maombi ya jana jioni. Nimewaambia hata wale waliokataa kukaa na mimi benchi moja. Nimesema mtoto yangu anafanya kazi kwa maabara, amesema mimi ni mzima. Sasa nitasema nini?"

Nikamwambia ukweli mwingine, kwamba sikutakiwa kumwambia chochote, kwamba nilivunja sheria kwa sababu nilishindwa kuvumilia kumwona anachora mistari mavumbini. Nikamwambia naogopa. Naogopa yeye kufa, na naogopa mtoto, na sijui nimwogopee nani kwanza. Nililia kwa sauti, na mama yangu hakuweza kuvuka mstari kuja kunishika, akabaki upande wake naye analia. Majirani wakatoka kutazama, wakaona aibu wakarudi ndani.

Mwishowe akajifuta kwa pindo la gomesi, akaokota jogoo, akamweka katikati ya uwanja, akarudi nyuma.

"Chukua jogoo," akasema. "Yeye hakohoi."

Jumatatu saa mbili nilikuwa mlangoni kwa daktari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wangu ulishafika darini. Nikasema yote, la choo na simu kwanza. Hakupiga kelele, na hilo lilinichoma zaidi. Aliuliza, "Unajua naweza kukutoa kwenye mradi leo?" Nikasema najua. "Unajua kwa nini tulikutaka utie sahihi?" Nikasema sasa najua.

"Na hili la kumbikumbi una uhakika nalo?"

"Sina. Nipe siku tatu niwe nao. Baada ya hapo nitoe."

Akanitazama. "Siku tatu. Na simu yako unaiacha mezani kwangu."

Tulikuwa na bakteria wengine maabara, binamu wa hawa wa kifua kikuu, wasiodhuru mtu, wanaovaa koti la namna ile ile. Nikagawa kwenye mirija. Huu nikautia sukari ya rangi peke yake, ule sukari ya rangi na maji niliyosugulia kumbikumbi watatu. Jioni nikatazama. Yote miwili inawaka, tena inawaka vizuri.

"Si nilikuambia," mwenzangu akasema. "Hii sayansi ya kumbikumbi haishiki."

Wee! Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilikwenda nyumbani nikamnyonyesha mtoto nikiwa nimekaza taya. Nikawaza: mama hakuwasugua kwenye maji. Alitafuna. Na hakutafuna watatu.

Siku ya pili nikanunua karatasi kamili, pembe ile ile, nikakaa kwenye ngazi za nje, nikatafuna mpaka mwisho mbele ya watu wanaopita, nikatema mate kwenye kopo safi. Nikachuja, nikachemsha kuua vijidudu vya mdomoni mwangu, nikatia kwenye mirija. Kwa kulinganisha nikamlazimisha mwenzangu ateme mate yake ambayo hayajala kumbikumbi. Alilalamika kwamba haya hayakuwemo kwenye mkataba wake wa kazi, lakini alitema.

Mrija wake ukawaka. Wangu ukawa giza, giza kasoro nukta mbili tatu zilizofifia. Nikarudia siku ya tatu, na mwenzangu akapanga mirija bila kuniambia upi ni upi. Yenye kumbikumbi nikaitaja yote bila kukosea.

"Sista," akasema, "nimeomba msamaha." Nikasema nimesikia.

Daktari alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Alipoinua uso alisema, "Miaka yote hii na sukari hii. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba watu hula kumbikumbi kwenye foleni ya kliniki."

"Hukutuuliza, daktari," nikasema. Lilinitoka. Akasema ni kweli. Akanirudishia simu, akanipa onyo la maandishi, ambalo bado ninalo, na akaniacha kwenye mradi.

Alhamisi iliyofuata mama alikuja asubuhi, hajala, amenuna. Alisukutua mara tatu mbele yangu huku akinitazama jicho la pembeni. Akakohoa. Alipomaliza akasema, "Usinipigie simu ya choo tena." Nikasema sitapiga.

Walikuwa wengi. Sikuvihesabu vijiti vyake, nilishindwa. Kila niliposogeza kioo viliwaka, kijani hai, vimekaa viwili viwili, vimeshikamana. Nilifikiria Jumapili ile ambayo haikuwa. Nilifikiria shingo ya binti yangu, pale panapokuwa na joto na harufu ya maziwa, ambapo mama angeweka uso wake. Sikumwambia mama. Sheria ni sheria, na safari hii niliimeza. Jibu la chupa liliporudi lilisema hilo hilo: wako hai, na moja ya dawa zake haikuwa inawagusa kabisa. Daktari wa kliniki ndiye aliyemweleza, kwa njia yake ya halali, akambadilishia dawa, akaanza kuhesabu upya miezi sita.

Kliniki nikabandika karatasi kwa mkono wangu: SUKUTUA KINYWA MARA TATU. USILE KUMBIKUMBI WALA UYOGA KABLA YA KUKOHOA. Watu walicheka sana. Mzee mmoja aliniuliza serikali iliyokataza kumbikumbi ni ya Uganda au ni ya Kenya, ili ajue akawalie upande gani. Mama alipoiona alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akasema, "Hiyo ni mimi. Umeniandika kwa ukuta." Na nadhani alijivuna kidogo.

Miezi sita si mchezo. Dawa mpya zilimtia kichefuchefu, zikamfanya aumwe viungo. Kuna wiki alisema amechoka, wamwache afe na meno yake. Nilikwenda Lunyo kila Jumamosi, mtoto mgongoni, nikasimama kwenye mstari wangu, nikamwona anameza, nikaondoka. Binti yangu naye akakua. Akaota meno upande huu wa mstari. Akakaa, akatambaa, na siku moja akatambaa moja kwa moja kuelekea kwa nyanya yake, na mama akakimbia, mama yangu mzima akainua gomesi akakimbia nyuma ya nyumba, huku akipiga kelele, "Shika yeye! Shika yeye!"

Jibu la mwisho alipewa na daktari wa kliniki. Chupa haikuota kitu, wiki zote zilipita haikuota. Daktari wetu wa sukari, bila mimi kuomba, akamkaribisha mama Tororo atazame kwenye skrini picha ya kioo chake. Mradi ulishafungwa, na majibu ya sukari yalikuwa yamelinganishwa na ya chupa.

Mama alisogea karibu, akavaa miwani.

"Mimi naona giza tu."

"Ndiyo, mama."

"Na ile ingine?"

Daktari akaweka picha ya Alhamisi ile. Mama aliitazama ile kijani yote muda mrefu, mkono mdomoni. "Hizi zilikuwa ndani yangu?"

"Ndani yako."

"Na mimi nilikuwa napiga pasi."

Tukatembea naye mpaka kwangu. Mume wangu alikuwa amekaa barazani na mtoto, miezi kumi, mashavu mpaka huku. Hakuna aliyechora mstari. Mama alinawa mikono, ingawa hapakuwa na haja, akaikausha kwenye gomesi ya buluu, akanyoosha mikono, nami nikamweka binti yangu humo.

Mtoto akamtazama. Alimjua mwanamke huyu kwa mbali, kama mtu wa ng'ambo ya uwanja. Kwa karibu hakumjua kabisa. Akakunja uso, akavuta pumzi, akapiga yowe la kutisha, akasukuma kifua cha nyanya yake kwa mikono miwili, ananililia mimi. Niliona aibu, niliona uchungu, nikanyoosha mikono nimchukue. Baada ya yote hayo!

Mama akageuka na mtoto, akanipa mgongo. Akambana kifuani, akalaza shavu kwenye ile shingo, akafumba macho kama siku ya beseni.

"Wacha alie," akasema. "Mimi nasikia mapafu yake iko mzima."